Mboga za Siku Thelathini

Ukitaka kunirudisha Malton, kule Kanada, huna haja ya kunionyesha picha. Nipe figili iliyong'olewa sasa hivi, ingali na udongo, uivunje karibu na pua yangu. Ile harufu kali, nusu pilipili nusu mvua, ikishanipanda puani nakuwa tena na miaka tisa. Magoti yangu yamezama kwenye udongo laini, ndege inapita juu ya paa magurudumu yakiwa yameshushwa, na wanawake wawili wamenyamaza katikati ya maneno yao wakiingoja ipite.

Ndivyo tulivyoishi kule, kwa mazungumzo yenye matundu. Nyumba ilikuwa karibu sana na uwanja wa ndege, na ukishazoea unajifunza kulishika neno mdomoni mpaka kelele ziishe, kisha unalimalizia kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi na Mama tulipanga besmenti, vyumba viwili vya chini vyenye madirisha membamba yaliyo karibu na dari. Kiangazi tuliona majani kupitia madirisha hayo, na wakati wa baridi tuliona weupe tu. Mama alifanya kazi zamu ya usiku kwenye ghala la mizigo ya ndege. Baba alifariki nikiwa bado tumboni. Mama ni Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi Kigoma, na Kiswahili alichotoka nacho huko ndicho tulichozungumza nyumbani. Niseme kweli: yeye alizungumza, mimi nikamjibu kwa Kiingereza, kama watoto wote niliowajua.

Juu yetu aliishi mwenye nyumba, Bibi Zarina, pamoja na mumewe, Babu Amir. Walikuwa Wahindi wa Tabora, waliohama tangu ujana wao, na Kiswahili chao kilikuwa safi na cha zamani kidogo, kama nguo iliyotunzwa sandukuni. Babu Amir alinipenda. Alikuwa na bustani nyuma ya nyumba, na kila nilipopita alinipa kitu cha kutafuna: ganda la njegere, jani la giligilani, nyanya yenye joto la jua. Bibi Zarina nilimwogopa. Mara kwa mara alikuwa akiniambia, "Wewe unasikia vizuri, lakini ukijibu unajibu mtu mwingine." Sikumwelewa, nikaona heri nimkwepe.

Babu Amir alifariki mwezi wa pili, theluji ikiwa imefika usawa wa madirisha yetu. Watu wa jamatkhana, nyumba yao ya ibada, walikuja kwa wingi, miguu ikapita juu ya vichwa vyetu siku kadhaa, kisha nyumba ikanyamaza. Theluji iliyeyuka, watu wa mtaa wakatoka na miche yao, na bustani ya Babu Amir ikaota magugu. Bibi Zarina alifunga pazia la dirisha la jikoni, lile linalotazama nyuma, na hakulifungua tena. Mama alikuwa akimpelekea uji asubuhi akitoka kazini. Siku nyingine bakuli lilirudi limejaa kama lilivyokwenda.

Mwezi wa saba alikuja mtoto wa pekee wa Bibi Zarina kutoka Calgary, mji wa mbali magharibi. Alizunguka nyumba akiwa na mwanamume mwenye viatu vinavyong'aa na futi ya kupimia. Nilidhani wanataka kujenga uzio mpya. Jioni ile alishuka kuongea na Mama, na mimi nikaambiwa nikacheze nje.

Katikati ya Agosti, wakati watu wengine wameanza kuchoka na nyanya zao, Mama alipanda ngazi na kumwomba Bibi Zarina ruhusa ya kulima kipande kidogo. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Bibi Zarina alimtazama kama mtu anayeombwa mwavuli baada ya mvua.

"Sasa hivi, Mama Kezia? Utavuna theluji."

"Si mahindi, Mama," alisema Mama. "Ni mboga za siku thelathini tu."

Bibi Zarina alisema fanya unavyotaka, akafunga mlango bila kuubamiza.

Jumamosi iliyofuata Mama alirudi kutoka kazini asubuhi, akanywa chai akiwa amesimama, akatoka na beleshi. Jembe alilitafuta maduka matatu bila kulipata, na alilalamika wiki nzima kwamba nchi inayotengeneza ndege haiwezi kukosa jembe. Mimi kazi yangu ilikuwa kung'oa magugu. Niliifanya kwa uso wa mtu aliyeonewa, maana niliwaogopa nyungunyungu, na kila nilipomwona mmoja nilitupa mikono juu. Mama alinionyesha mbegu zake kwenye vifuko vya karatasi: figili, spinachi, uwatu. Alinihesabia kila moja ina siku ngapi kama anayemweleza mtu ratiba ya basi.

Tulikuwa hatujafika hata nusu alipoingiza beleshi kwenye kona ya uzio, akasimama ghafla. Aliinama na kufukua kwa vidole. Palikuwa na kitunguu saumu, kikubwa, cheupe chenye michirizi ya zambarau. Kando yake kingine. Vilikuwa vimepangwa kwa mstari chini ya magugu, na majani yao yalikuwa yamekwisha kunyauka na kuoza, ndiyo maana hakuna aliyejua vipo. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba huku vitunguu saumu hupandwa kabla ya baridi, vikalala chini ya theluji, vikatolewa mwezi wa saba. Babu Amir alivipanda vuli iliyotangulia. Hakuna aliyevingoja zaidi yake.

Mama aliweka beleshi chini. "Nenda umwite Bibi. Mwambie nimepata vitunguu saumu vya Babu. Na umwambie kwa Kiswahili."

Nilipanda nikirudia maneno yale kimoyomoyo. Lakini ngazini neno "vitunguu saumu" liliniponyoka, na mlango ulipofunguliwa nilibakiwa na vipande tu. Nilivikusanya hivyohivyo.

"Bibi," nilisema, "Mama amempata Babu. Yuko chini ya udongo."

Mpaka leo nikikumbuka natamani kujificha. Bibi Zarina alishika mwimo wa mlango. Sijui alisimama pale muda gani, maana ndege ilikuwa inapita. Kisha alinipita akiwa na ndara na gauni lake la kulalia, akashuka ngazi za nyuma ambazo hakuzikanyaga tangu baridi, mkono mmoja ukipapasa ukuta.

Mama alipomwona hali ile alianza kueleza haraka, lakini Bibi Zarina alikwisha kuviona. Aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akaomba apewe kimoja. Akakifuta udongo kwa kidole gumba, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso. Kilikuwa kimekaa ardhini kupita siku zake, ganda limepasuka na punje zimeanza kuachana. Mama akamweleza kosa langu, akaniombea radhi, nami nikaangalia miguu yangu.

"Mtoto hakukosea," alisema Bibi Zarina. "Ndiye huyu."

Alilia, lakini si sana, na Mama hakumnyamazisha. Alituambia kwamba mumewe alimwagiza wakati yuko hospitali, usisahau vitunguu mwezi wa saba, na yeye akasahau. Aliyaona majani yakiwa ya manjano siku moja alipochungulia pazia, akajiambia ni magugu. Kisha, akiwa bado na machozi mashavuni, aliuliza ni nani aliyemwambia Mama kwamba spinachi itaota kwenye udongo wenye joto hivi. Alituelekeza gereji, kwenye mbao za Babu Amir. Mbegu ikishamwagiwa maji, alisema, unailazia ubao juu siku nne au tano, ipate ubaridi, na kila asubuhi unainua na kuchungulia. Mtu aliyekuwa haugusi uji alitusimamia mpaka saa saba mchana, na mistari yetu yote aliiona imepinda.

Kuanzia siku ile pazia lilibaki wazi. Kila asubuhi nilimkuta nje kwenye kiti chake, ubao wa spinachi umeinuliwa, anahesabu miche. Figili zilitoka kwanza, siku ya nne tu, vijani viwili vya mviringo kama masikio. Alinifundisha kuzipunguza ili zipate nafasi. Nilipokataa kwa kuzihurumia, aliniambia huruma ya namna hiyo huzaa figili nyembamba kama mikia ya panya. Alinitania kwa kosa langu bila kuchoka: "Haya, Kezia, leo umempata nani?" Nami, nisijue lini hasa, nikaanza kumjibu kwa Kiswahili. Kilikuwa kibovu, chenye ngeli zilizogongana, lakini kilikuwa kinamjibu yeye.

Figili za kwanza tulizing'oa katikati ya Septemba. Mama alizipika majani yake kwa karanga, na Bibi Zarina alileta vile vitunguu saumu kwenye bakuli. Mama alimwambia aviweke, ni kumbukumbu. Bibi Zarina alijibu kwamba vimekwisha kupasuka, havitafika hata Desemba, na Amir hakuwahi kulima kitu cha kutazamwa. Tulivila vyote mwezi ule. Uwatu tuliukata, akaukandia kwenye unga wa chapati, na nyumba nzima, juu na chini, ikanukia. Mama alikula akitabasamu, akasema mvumilivu hula mbivu, lakini mwenye figili hula mapema.

Nilikuwa na furaha, na furaha yangu ilikuwa na hesabu yake. Tulikuwa tumehama mara nne tangu nianze shule. Lakini mtu aliyepanda, nilijiambia, amekaa. Hakuna anayepanda mahali anapoondoka.

Siku moja mwishoni mwa Septemba basi la shule lilinishusha, nikakuta bango limesimikwa mbele ya nyumba. Nyumba inauzwa. Niliingia mbio na kumwamsha Mama, ambaye usiku ule alikuwa na zamu. Aliketi kitandani, akajitanda kanga, akaniambia ukweli bila kuuzungusha: mtoto wa Bibi Zarina hawezi kumwacha mama yake peke yake, atamchukua Calgary. Sisi tutatoka mwisho wa Oktoba. Alikuwa anajua tangu mwezi wa saba, Bibi Zarina pia.

Nilitoka nyuma, nikapiga magoti kwenye mstari wa spinachi, nikaanza kung'oa. Niling'oa kwa mikono miwili, mizizi na udongo vikinirukia usoni, miche ambayo nilikuwa nimeichungulia chini ya ubao kila asubuhi. Nilikuwa nimemaliza nusu ya mstari nilipoona ndara za Bibi Zarina zimesimama mbele yangu, na nyuma yake miguu mitupu ya Mama.

Nilingoja kipigo au angalau kelele. Mama alizitazama mboga zilizotapakaa, majani madogo yasiyozidi kidole.

"Basi, tumevuna," alisema. "Kalete beseni."

Tuliziokota sote watatu. Bibi Zarina alizisafisha mizizi mojamoja kwa kisu, Mama alizisuuza maji matatu, na mimi nikakaa katikati yao nikilia kwa kwikwi na kuchagua mchanga. Zilipochemka zilinywea zikawa kama ngumi moja. Kila mmoja alipata vijiko viwili. Hakuna aliyenishauri kitu mezani, ila Bibi Zarina aliniambia zikivunwa ndogo ndiyo tamu. Nilijua anasema hivyo kwa wema tu, kisha nikaonja nikakuta ni kweli.

Nusu iliyobaki tuliilinda kama mboni ya jicho. Oktoba baridi ilipotishia tulifunika mstari kwa mashuka ya Babu Amir kila jioni, na asubuhi tukayaondoa yakiwa magumu kama bati. Figili tulizopanda mara ya pili ziliwahi. Wiki ya mwisho tulivuna kila kitu. Mtoto wa Bibi Zarina, alipokuja kumchukua, alikuta mama yake amejaza mkoba wa ndegeni spinachi na uwatu, na hakufaulu kumtoa hata kifungu kimoja. Sisi tulihamia Brampton, mji jirani, besmenti nyingine isiyo na bustani. Bibi Zarina alitupigia simu kila Jumapili kwa miaka sita, mpaka alipofariki, na siku zote aliomba aongee na mimi kwanza.

Kuhusu Mama, nilibaki na kinyongo kidogo kwa muda mrefu. Niliona alinidanganya kwa mbegu. Nilikuwa nimekwisha maliza chuo nilipomuuliza, tukiwa tunaosha vyombo, kwa nini alipanda ilhali anajua tunaondoka. Alishangaa swali lenyewe.

"Kambini nilikaa miaka kumi na saba," alisema. "Kila mwaka tuliambiwa mwaka kesho mtarudi kwenu. Jirani yetu mmoja aliamini, hakuotesha hata mchicha. Miaka yote hiyo alikula maharage ya mgawo."

Akaendelea kusuuza sahani. Hakuona kama amesema jambo kubwa.

Mimi ndiye niliyesimama pale na kitambaa mkononi. Nikamwona Agosti ile, ametoka kazini hajalala, amesimama mbele ya bustani ya marehemu na habari ya kuhamishwa imo kifuani mwake. Nilidhani siku zile alikuwa ananificha jambo. Kumbe alikuwa anahesabu. Alihesabu siku tulizobakiwa nazo, sabini na tano hivi, akaona zinatosha figili mara mbili, uwatu mara tatu, spinachi mara moja, na mama mmoja mzee kushuka ngazi akaketi juani.