Nyumba ya Michezo

Msimu wa mpunga tulihamia shambani, huko Salale. Mama alikaa juu ya dungu, kibanda chenye miguu mirefu, akifukuza ndege. Mimi, mwanawe pekee, nilikaa chini kivulini. Nilichomeka fito za mikoko, nikaezeka kwa kuti, nikapata nyumba yangu ya michezo. Mwanzoni nilicheza na mtoto wa mama mdogo. Yeye baba, mimi mama. Alipochukuliwa kwenda kuishi Umwe, nikawa baba na mama peke yangu, nikibadili sauti.

"Unaongea na nani huko chini?" mama aliuliza siku moja.

"Na baba watoto. Karudi kutoka kuvua kamba."

Mama alicheka, kisha akarudia kufukuza ndege. Baba yangu mwenyewe alikwenda Mbwera kuvua, akaoa hukohuko. Hakurudi.

Sekondari nilisoma Kibiti, nikilala bwenini. Mwalimu wa Kiswahili alitueleza kwamba mjini kuna nyumba za michezo. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, watu wazima wanaenea humo ndani?"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akaniuliza mimi naijua nyumba gani. Nikamweleza fito na kuti.

"Basi hukukosea," alisema. "Neno ni moja. Ila kule kuna watu wamekaa wanakutazama ukiigiza."

Nilitaniwa wiki nzima. Sikuwa na rafiki wa kumwambia kwamba jibu lile lilinichoma kuliko vicheko, maana kwenye nyumba yangu hakukaa mtu kunitazama.

Mwaka jana nilikwenda Dar es Salaam kwenye semina ya kazi. Jioni, kwa kuwa sikuwa na mwenyeji, nikaingia ukumbi wa maonyesho. Viti vingi, watu wachache. Jukwaani palikuwa na meza na mlango uliosimama wenyewe bila nyumba. Mwanamke alimpakulia mume asiyeonekana.

"Kula, wali unapoa."

Watu walicheka. Mimi nilikumbuka jambo nililokuwa nimelisahau kabisa: miaka ile mama alikuwa akiweka sahani ya tatu, anaifunika kawa, na asubuhi anawamwagia kuku.

Nilitoka kabla mchezo haujaisha, nikampigia simu.

"Mama, umekula?"

"Nimekula. Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama."

"Haya, mwanangu."

Hakukata, nami sikukata. Nilimsikia akipumua, mpaka salio likaniishia.