Zamu ya Kunusa

Kaka yangu aliporudi kutoka gerezani nilimkagua pale pale mlangoni kama ninavyopokea mzigo: macho mawili, masikio mawili, mikono miwili, vidole vyote. Nikarudia hesabu, maana anayehesabu mara moja amekisia tu. Mzigo ulikuwa umetimia. Nikamshukuru Mungu, nikaenda kuchemsha chai. Kufungua ndani nione kilichovunjika, hilo halikunijia.

Alikuwa fundi cherehani, Nyamirambo. Vita vilipoanza kule kaskazini, Oktoba ya mwaka wa tisini, watu walikamatwa mtaa kwa mtaa kwa jina la vibaraka wa waasi, na nyumbani kwake wakakuta majora mawili ya kaki. Wakasema ni nguo za askari. Zilikuwa kaptula za watoto wa shule ya msingi. Wifi yangu, mkewe, aliwaletea moja iliyokwisha kushonwa, kiuno chake hakingemtosha hata mbuzi. Wakaichukua nayo, iwe ushahidi. Mpaka leo sijui jeshi lile la darasa la pili lilikuwa lishambulie wapi, lakini kwa ajili yake kaka alikaa ndani mpaka mvua kubwa za mwaka uliofuata. Akaachiwa kama alivyochukuliwa, bila maelezo.

Usiku wa kwanza hakulala ndani. Wa pili pia. Mlango ukifungwa, anainuka, anaufungua, anatoka na mkeka wake na kujilaza uani, chini ya kamba ya kuanikia nguo. Siku nyingine ungesema mwache, hewa ni ya Mungu. Lakini tulikuwa na kuvurefe, amri ya kila mtu kuwa kwake jioni ikiingia, na uzio wa ule ua ulikuwa wa matete yaliyooza. Doria ikipita njiani iliona mpaka mafiga. Mtu aliyetoka gerezani kwa jina la kibaraka, akutwe nje saa za kuvurefe! Huyo hata kesi hahitaji. Kwa hiyo shida yetu yote ilikuwa moja: fundi alale ndani, na mlango ufungwe.

Wakati ule tulidhani huo ndio ubaya wenyewe.

Mimi nilikuwa na kibanda cha manukato Biryogo. Udi, ubani, liwa, karafuu, mafuta ya waridi katika vichupa vidogo vidogo. Njia ya Uganda ilikuwa imefungwa, hivyo mali ilizungukia Tanzania na kufika ikinuka dizeli kidogo. Nikawa nasema ndiyo harufu ya udi halisi. Vita vilivyoharibu biashara za wenzangu, yangu viliiamsha. Wanawake ambao zamani walinunua udi kwa ajili ya waume, sasa walinunua kwa ajili ya usingizi. Sikumwambia mtu hata mmoja kwamba udi hutuliza moyo. Niliwaacha wajiambie wenyewe; mteja akijishawishi mwenyewe hashindani na bei.

Wifi akaja kibandani, akasimama bila kugusa kitu.

"Wifi, unaulaza mji mzima kwa harufu. Sisi je?"

"Ya mumeo hayo si ya harufu," nikamwambia.

"Ni ya nini basi? Ya daktari? Daktari ataanza kwa kuandika jina lake."

Nikainama chini ya meza nikatoa udi ule ambao siuzi.

Tulimfukizia jioni ile ile. Kaka alikuwa amekaa karibu na mlango. Moshi ulipomfikia akainua pua.

"Nani amefariki?"

"Hakuna aliyefariki," mkewe akamjibu.

"Basi mnamngoja."

Akacheka peke yake, akachukua mkeka, akatoka.

Ndipo nikamwita shangazi yetu. Huyu bibi yake alifika huku na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, akamwachia kazi ya kusinga maharusi. Hakuna bibi harusi Biryogo ambaye shangazi hakumsugua, na mama zao pia, na akikasirika husema ni mgongo wa nani ulikuwa na ukurutu. Alifika na kapu lake: liwa, karafuu iliyosagwa, maganda ya machungwa, chupa ya marashi.

"Hofu imeingilia kwenye ngozi," akasema. "Itatokea kwenye ngozi."

"Shangazi, mimi si bibi harusi," kaka akalalamika.

"Naona. Bibi harusi huoga."

Akaamua kwamba kabla ya singo lazima kuwe na mvuke, wa majani ya mikaratusi, inturusu tunavyoiita hapa. Kazi ya majani ikawa yangu. Nikateremka Nyabugogo, nikapanda Gatsata, nikarudi na gunia kichwani. Kwenye kizuizi askari akalichoma kwa chuma.

"Nini hii?"

"Majani, afande."

"Ya nini?"

"Ya mafua."

"Gunia nzima? Mafua ya nani, ya tembo?"

"Ukoo wetu una pua kubwa, afande."

Akanitazama pua, akaniruhusu nipite. Sikufurahi sana jinsi alivyokubali haraka.

Mvuke kila mtu hapa anaujua, ndivyo tunavyotibiana tangu utotoni. Mgonjwa anakalishwa kwenye kigoda, chungu kinachotokota kinawekwa kati ya miguu yake, anafunikwa blanketi zito, na wanaompenda wanakanyaga pindo zote ili mvuke usitoroke. Kadiri unavyompenda ndivyo unavyokanyaga. Wifi alikanyaga upande mmoja, mimi upande wa pili, shangazi akashikilia juu kichwani huku akisoma dua.

Kaka hakupiga kelele. Ilitoka sauti ndogo, kama mtu anayejaribu kukohoa bila kusikika. Kisha blanketi zima likaruka. Chungu kikapinduka, maji yakamwunguza ugoko, na yeye akatoka mpaka uani kifua wazi, saa kumi alasiri, watu wakipita njiani.

Jirani akachungulia kwenye matete. "Huko ni amani?"

"Amani," nikamjibu. "Ana mafua."

Jirani alitazama ule mguu uliokuwa ukitoka malengelenge, akatazama kifua, akaondoka. Katika mwaka ule kila mtu alikuwa amejifunza kutouliza swali la pili.

Kaka alikaa chini ya kamba ya nguo mpaka pumzi ikamrudia. Mkewe akampaka samli mguuni. Ndipo akasema.

"Tulikuwa wengi mpaka tukilala kwa zamu, wengine wamesimama. Pumzi zetu zilipanda darini zikatudondokea. Hivyo hivyo, moto, matone. Na wewe huna pa kuweka uso ila mgongoni kwa mtu." Akavuta pumzi. "Kulikuwa na kidirisha juu, kama daftari la shule. Tulipeana zamu. Siyo ya kutazama, nje kulikuwa na ukuta tu. Ya kunusa. Jikoni kwao walipikia kuni za inturusu. Zamu yako ikifika wenzako wanakubeba mabegani, unavuta ule moshi, unashuka, unawasimulia. Leo imenyesha. Leo wameunguza maharage."

"Na mimi nikakuletea gunia lake," nikasema.

"Majani yako ni mazuri, dada. Blanketi ndilo sitaki."

Shangazi akafunika kapu lake. "Kumbe tumemrudisha kule kwa mikono yetu," akasema polepole.

Nikabaki na kazi ninayoijua. Nikasogeza kigoda mbele ya kaka kama ninavyofanya kwa mteja mgumu.

"Mimi nataka mlango ufungwe na komeo liingie. Wewe unataka nini?"

"Uwe wazi."

"Wazi hapana. Sema kingine."

"Nusu."

"Risasi nayo hupita kwenye nusu. Sema kingine."

Akafikiri. "Dirisha."

"Dirisha unalo."

"Lile liko juu. Nataka la kulala. Niweke uso."

Akaonyesha kwa mikono kitu cha ukubwa wa sinia. Mimi nikaonyesha ngumi. Akashuka kwenye sahani, mimi nikapanda kwenye kikombe. Tuliishia kwenye kisosi, na wallahi hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu arudi nilimwona mtu ninayemjua. Alikuwa akipatana.

Nikamtafuta fundi wa Gisozi, mtu wa kutoboa na kuziba. Alikagua ukuta wa matofali mabichi, akapiga magoti pale nilipomwonyesha.

"Mama, iyo tundu iko chini sana. Iko ya paka?"

"Ya paka."

"Paka yako itapita apo na tumbo gani?"

"Hapiti. Analala."

Akanitazama, akamtazama kaka, akashika patasi. "Sawa. Mimi natoboa dilisha, sijui kitu."

Hiyo "sijui kitu" ndiyo niliyokuwa nimeitafuta mtaani siku nzima.

Wifi akatundika kitita cha inturusu nje ya lile tundu. Jioni ile kaka alilala chini, pua ukutani, na komeo likaingia. Asubuhi nilipopita, wifi aliniambia amekoroma. Alisema hivyo kama mtu anayetangaza mtoto wa kiume.

Baada ya siku kadhaa nikamkuta wifi akifua, macho mekundu.

"Doria ilipita jana," akasema. "Wameona kitita kupitia uzio, wakaingia uani, wakainama, wakamulika tochi ndani. Mwanga umempata usoni. 'Nani huyo?' Akasema, 'Ni mimi, fundi.' 'Unafanya nini hapo?' Akasema, 'Nanusa.'"

"Ee Mungu."

"Wakacheka. Wakasema huyu amekwisha. Wakaenda zao."

"Na yeye?"

"Akageuka upande wa pili, akalala."

"Alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi." Akakamua shuka mpaka likalia. "Lakini mimi nasikia kila kiatu, wifi. Kabla ya lile tundu nilisikia vya njiani tu. Sasa vinapita kichwani mwangu. Na kabla ya hapo ilikuwa sufuria. Nampelekea chakula gerezani, wanapokea sufuria, wanarudisha tupu. Kila safari narudi nikijiuliza aliyekula ni nani."

Shangazi alikuwa ameingia wakati huo na kapu lake. Akasikiliza amesimama, kisha akaanza kuchanganya liwa na marashi kwenye bakuli.

"Singo imebaki," akasema. "Nikiiacha itachacha. Tandika mkeka."

"Mimi sina kitu, shangazi."

"Wote wenye kitu husema hivyo. Tandika."

Tulimlaza uani, upande wa jiko, nyuma ya zile shuka zilizoanikwa, mahali pale pale mumewe alipokuwa akilala. Shangazi akaanza na mkono wa kulia. Alisugua bega, akasimama, akalibonyeza kwa kidole gumba.

"Hili si bega. Hili ni jiwe la kusagia."

 Wifi alikuwa ameshalala, mdomo wazi, kabla ya shangazi kufika kwenye mkono wa pili. Harufu ya karafuu ilijaa ua mzima. Kaka akatoka kwenye cherehani, akaona, akaenda kukaa kwenye lango kutazama njia. Hakuna aliyemtuma.

Jua likashuka. Singo ilikuwa imekauka kwenye mkono mmoja, njano, ikianza kupasuka. Njiani watu walikuwa wameanza kutembea upesi, na mimi na shangazi tulikuwa na safari ya kwetu.

"Tumwache kidogo," kaka akasema.

"Kidogo hiyo haipo," nikamwambia. "Watapita."

Alisimama pale akibishana na anga. Halafu akaenda kwenye kitita, akachuma jani moja la inturusu, akachuchumaa na kulivunja karibu na pua ya mkewe, taratibu, asishtuke.

Alishtuka. Akakaa wima, akishika kanga kifuani.

"Wamekuja?"

"Bado," kaka akasema. "Ingia ndani."