Dhambi ya Baada ya Kuokoka

Mimi ni fundi wa nguo, na kila Jumamosi saa tisa alasiri ninahubiri pale steji ya Kawangware 56. Sijaanza jana. Kazi hii naijua kama ninavyojua kukata kola, na sioni haya kusema naiweza. Umesimama kati ya duka la misumari na saluni, matatu zinaita abiria, mtu anapita ameshika kuku miguuni, na wewe unataka asimame akusikilize. Ukianza na "Mungu anakupenda," anapita. Hilo ameshaambiwa na wengi. Lakini mwambie jinsi ulivyokuwa mwovu, atasimama, yeye na kuku wake.

Tulikuwa kundi la watu watano, na kiongozi wetu ni fundi wa mabomba, mtu wa magharibi mwa Kenya kama mimi. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba ushuhuda una sehemu mbili, kabla na baada. Dhambi zote hukaa kabla. Baada ni amani, afya na haleluya. Taabu yangu ni kwamba kabla yangu haikuwa na kitu. Nililelewa na mama aliyetukagua kucha kila Jumapili asubuhi, nikaokoka nikiwa darasa la saba, na dhambi yangu kubwa ilikuwa kulamba sukari. Mara ya kwanza kushika maiki nilisimulia hayo kwa uaminifu, na watu wakaenda zao. Kiongozi akaniita kando.

"Dada, huo ushuhuda hauna chumvi," akaniambia. "Kwani hakuna hata siku moja ulikanyaga baa?"

Nilikuwa nimepita nje ya baa nyingi. Jumamosi iliyofuata, kwenye maiki, nikaingia ndani. Baada ya mwezi mmoja nilikuwa nimepika pombe ya chang'aa mtaa wa Kisumu Ndogo, na kufikia Krismasi nilishaenda kwa waganga watatu. Watu walisimama, wengine walilia, na sikufichi, wengine waliokoka kweli na wako kanisani mpaka leo. Makanga wa matatu pale steji waliujua ushuhuda wangu wote. Nikivuta pumzi tu, mmoja wao ananikumbusha: "Mathe, hapo sasa ndio mganga wa pili anaingia." Nilimkemea, lakini alikuwa hakosei.

Basi Jumamosi moja, nikiwa katikati ya hao waganga, nikamwona mama mmoja amesimama mbele ya saluni na mfuko wa vitambaa begani. Nilimtambua mara moja. Miaka sita nyuma tulikuwa majirani katika kijiji cha Raila, kule Kibera, mlango kwa mlango, cherehani zetu mbili zikikaa kwenye veranda moja. Tulikula pamoja na tuliimba kwaya moja. Huyo alijua vizuri kwamba sijawahi kupika hata busaa.

Hakucheka. Alinitazama tu, uso mkavu, akingoja nimalize. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika mwisho. Lakini si uongo wa chang'aa ulionitisha. Kulikuwa na jambo nililolijua mimi, ambalo yeye hakulijua.

Kule Raila alikuwa na mkasi mzito wa fundi, ulioachwa na marehemu mumewe, unaokata kitambaa mikunjo minane bila kusumbua. Wangu ulikuwa butu, nami nilikuwa na sare za shule za kumaliza. Nikauchukua bila kuomba, nikijiambia kesho nitaurudisha. Asubuhi akaamsha ploti nzima kwa kelele, na mimi nikaona aibu kusema. Nikangoja apoe. Hakupoa. Alikuwa akiishi na mdogo wake, msichana aliyekuja kutoka nyumbani kujifunza kushona, na ndiye aliyeshukiwa, maana nani mwingine aliyekuwa akiingia nyumba ile? Siku ya tatu msichana akapandishwa basi la kurudi kwao, analia. Mimi nilimsindikiza. Nilimwombea safari njema, mkono wangu juu ya kichwa chake, na mkasi ulikuwa chini ya godoro langu.

Sikuwahi kuitaja dhambi hiyo popote, na sababu yenyewe ni ya kijinga: nilikuwa nimeshaokoka. Haikuwa na mahali pa kukaa. Kabla yangu ilijaa waganga ambao sikuwahi kuwaona, na baada ilitakiwa iwe safi.

"Mganga wa tatu," makanga akanikumbusha.

"Hakuna mganga," nikasema, na spika ikalibeba neno hilo mpaka ng'ambo ya barabara. "Hakuna wa kwanza wala wa tatu. Sijawahi kupika pombe. Niliiba mkasi wa huyu mama, nikiwa nimeokoka, nikiwa nashika sauti ya pili kwenye kwaya, na nikaacha mdogo wake afukuzwe kwa ajili yangu."

Kiongozi alirukia wimbo, akipiga makofi na kunyoosha mkono achukue maiki. Nikampa. Nilikuwa nimemaliza, na mwili ulikuwa mwepesi hata nikajishangaa.

Yule mama akanijia. Nilidhani ni kofi, na nilikuwa tayari kulipokea. Badala yake akatoa simu.

"Pole yako siitaki," akasema. "Mimi ndio nilimfukuza, na tangu hiyo siku hatujawahi keti pamoja. Mwambie yeye."

Akapiga, akanipa. Nikajitambulisha, nikasema yote, huku nimeziba sikio moja kwa sababu ya wimbo.

"Mimi hiyo dhambi nilishaitubu," akasema yule msichana.

"Utatubu aje na hukuiba?"

"Nilifika nyumbani nikapata jina la mwizi limenitangulia. Wazee wa kanisa wakasema sitashiriki meza ya Bwana mpaka nikiri. Nilikataa mwaka mzima. Halafu nikachoka. Nikasimama mbele ya watu nikasema niliiba. Walifurahi sana. Lakini kwaya walinitoa, wakanipeleka benchi la nyuma."

Nilitaka ardhi inimeze, hapo 56, mbele ya makanga. Nikamuuliza nifanye nini.

"Usiniambie mimi," akasema, bila hasira yoyote. "Mimi najua sikuiba. Kuja uwaambie hao."

Mkasi niliurudisha jioni ileile. Kiongozi alinishauri niwaandikie wazee barua. Nikamuuliza ni barua ngapi zimewahi kusimamisha mtu pale steji. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Jumapili ya pili nilikuwa kwao magharibi, katika kanisa lao la mabati, yule jirani yangu ameketi kando yangu. Njia nzima hatukuongea maneno kumi. Wageni walipoitwa wasalimie, nikasimama mbele, nikawaambia nilichoiba na nani aliyebeba lawama. Kusema mbele ya watu wasionijua ndiyo kazi yangu, na siku hiyo niliifanya vizuri kuliko siku zote.

Mzee wa kanisa alisimama, macho yamemlowa. Akasema kanisa limekosa. Akamwita msichana, ambaye sasa ni mama wa mtoto mmoja, aje mbele aombewe, kisha arudi mahali pake kwenye kwaya.

"Asante, mzee," akajibu kutoka nyuma kabisa, mtoto amelala mapajani. "Hapa nimepazoea."

Mzee akabaki amenyoosha mkono. Kanisa zima halikujua lifanye nini, na mpiga kinanda akajifanya anatafuta ukurasa. Mimi nilijua. Nikatoka pale mbele, nikapita katikati ya watu wote mpaka kwenye lile benchi la nyuma nikae naye, lakini sikupata nafasi ubavuni mwake. Dada yake alikuwa ameshafika.