Yeye Kwetu, Mimi Kwao

Shamba halikuwa wazo langu. Watu wa hapa Wingwi, Pemba, wanaponiona asubuhi nimevaa viatu vya mpira na ndoo ya maziwa mkononi, huniuliza nilipata wapi moyo wa kuacha mji nikaja kulima. Mimi hucheka tu, nikapita. Moyo huo ulikuwa wa mume wangu.

Tulikuwa tukikaa Temeke, vyumba viwili na kibaraza. Mume wangu alikuwa fundi wa mafriji, mimi nikiuza kwenye duka la dawa karibu na kituo cha basi, na binti yetu alikuwa darasa la tatu. Hatukulala na njaa. Lakini sehemu yenye karakana ya mume wangu ilivunjwa kupisha barabara, na kila alikohamia aliwakuta mafundi wamejaa. Katika hali hiyo ndipo baba yake alipofariki huku Pemba. Alikuja kuzika, akarudi Temeke na habari moja tu mdomoni: mama yake amebaki peke yake, goti linamsumbua, na shamba limelala bila mtu.

"Nikibaki hapa nitakufa nimeshika bisibisi," aliniambia. "Kule tutalima tungule, hizo nyanya zenu, tutafuga ng'ombe wa maziwa. Mtoto atakula chakula kisichokuwa na dawa."

"Na mimi nitafanya nini?"

"Wewe utapumzika."

Alisema kwa mapenzi, nami nilimwamini. Tuligawa vyombo, tukauza kitanda na kabati, nikaaga dukani. Siku ya kwenda kuwaaga wazee wangu Mbagala, mama alilia, baba hakulia. Alinisindikiza mpaka barabarani, akaushika mkono wangu kama nilipokuwa mdogo, akasema, "Pemba si mbali. Boti tu."

"Boti tu, baba," nikamjibu.

Mkwe wangu alitupokea mlangoni kwa furaha, akiegemea fimbo. "Karibu, nkwe wangu, ingia ndani, jua kali," alisema, na binti yangu akanitazama kuniuliza kwa macho kama bibi amekosea neno. Hakukosea. Hapa mtoto ni ntoto na mkono ni nkono, na baada ya muda mfupi binti yangu naye alikuwa akisema hivyo hivyo, mpaka akawa ananisahihisha mimi. Mimi sikuweza. Nikifungua mdomo tu kisimani, wanawake walijua nimetoka wapi, wakanipisha nichote mwanzo, kama mgeni. Nilitamani siku moja wanisukume.

Shamba lenyewe lilikuwa mawe. Sitii chumvi. Upande huu wa kaskazini udongo umejificha ndani ya mashimo ya mawe, hapa kiganja, pale kiganja, na mtu hupanda pale panapomkubalia. Mume wangu alifanya kazi kwa mtarimbo kuanzia alfajiri, akivunja na kupanga mawe pembeni, akiimba. Sikuwahi kumwona mwenye furaha kiasi kile. Mimi nilichota maji. Tungule hunywa maji kuliko watu. Kisima kilikuwa chini ya mteremko, na nilipofika juu na ndoo ya mwisho, mche wa kwanza ulikuwa umeshaanza kulegea. Zile tulizopata mwaka wa kwanza zilikuwa tamu, lakini chache, na mara nyingine gari lilichelewa na njia ilikuwa mbovu, zikafika sokoni zimeshapondeka.

Kisha akaleta ng'ombe. Alikuwa mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kifuani, ana mimba tayari, na mume wangu alimpenda kama alivyompenda mwanawe. Alipozaa, nilifundishwa kumkama. Nilikuwa na mikono ya kufunga vidonge kwenye karatasi, lakini yule ng'ombe alinikubali. Alimkataa mkwe wangu, alimkataa jirani, na hata mume wangu alipigwa teke. Wote walicheka, wakasema amenichagua. Nami nilicheka nao, sikujua nacheka nini. Ng'ombe anayenyonyesha hukamwa asubuhi na hukamwa jioni. Hana Ijumaa, hana Sikukuu. Ukitaka kwenda harusini Kiuyu, unaangalia jua kwanza.

Ndipo simu ilipopigwa kutoka Dar. Rafiki wa zamani wa mume wangu amepata kazi kubwa ya kufunga mafriji kwenye hoteli, anataka fundi anayemwamini.

"Mwezi mmoja tu," mume wangu aliniambia. "Tungule zimetuangusha. Nikirudi tutachimba kisima chetu."

Mwezi ulipita, kazi ikazaa kazi nyingine. Alikuwa akituma matumizi bila kukosa, siwezi kumsingizia. Na kila jioni alipiga simu. Alikuwa akiuliza habari ya mama yake, ya mtoto, kisha sauti yake ikabadilika, ikawa laini, akauliza habari ya shamba. Mhogo wa upande wa mti wa mkungu umepaliliwa? Ng'ombe anakula vizuri? Nimhamishe kamba, pale majani yamekwisha. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale kwenye mawe yake, mgongo unaniuma, nikimweleza mtu aliyekaa Temeke jinsi shamba lake linavyoendelea.

Siku moja nilimwambia, "Njoo uwe na ng'ombe wako, mimi nirudi dukani."

Akasema, "Mama ataachiwa nani?"

Mkwe wangu alikuwa uani akichambua mchele, ananisikia. Goti lilikuwa limevimba, hata kisimani hafiki. Mtoto alikuwa anafanya vizuri shule, ana marafiki, pumu yake ya mjini imemwacha kabisa. Kila nilipotafuta mlango, niliukuta una mtu amesimama, na mtu mwenyewe hana kosa lolote.

Baba yangu alifariki asubuhi. Nilikuwa nimetoka kukama, ndoo bado nimeishika, mdogo wangu wa kiume akapiga simu. Hakuzunguka. "Dada, baba ametangulia. Tunazika baada ya alasiri."

Niliiweka ndoo chini. Nakumbuka niliiweka kwa utaratibu, isimwagike. Nikamwambia mkwe wangu, naye akaitupa fimbo akanikumbatia, nusura tuanguke wote wawili. Kisha akanisukuma. "Nenda. Usitazame nyuma. Nenda Chake, kama kuna ndege utawahi."

Kijana wa jirani alinipeleka kwa pikipiki mpaka barabara ya lami, nikapata gari la Chake. Boti ya siku ile ilikuwa imeshaondoka. Kwenye kiwanja cha ndege waliniambia viti vimejaa, niende nikasubiri, labda mtu ataacha. Shangazi wa mume wangu anakaa Madungu, si mbali na mjini, nikaenda kusubiri kwake. Alinitandikia mkeka, akaniletea chai, akakaa karibu yangu. Simu ya kiwanjani haikupigwa. Niliona kivuli cha ukuta wake kikisogea, kikafika miguuni pangu, na adhuhuri ikapita.

Ilipokaribia alasiri mume wangu alipiga. Alikuwa Mbagala, nyumbani kwetu. Alikuwa ameacha kazi tangu asubuhi akaenda. Ameshiriki kumwosha baba yangu.

"Uko wapi?" aliniuliza.

"Madungu."

"Hukupata ndege?"

"Sikupata."

Nilisikia watu nyuma yake, nikawatambua kwa sauti: mjomba, jirani wa nyumba ya kona, mama yangu mwenyewe. Halafu wakaanza tahlili, jeneza linatoka. Mume wangu hakukata simu. Aliiweka mfukoni mwa kanzu, nadhani, kwa sababu nilisikia nguo, nikasikia pumzi zake, nikasikia nyayo nyingi na "Laa ilaha illa Llah" ikipanda na kushuka. Alikuwa amembeba baba yangu begani. Yeye alikuwa kwetu, mimi nilikuwa kwao. Nilimwonea wivu mpaka nikaona haya.

Shangazi alinitoa simu sikioni mwito ulipokatika.

Ningeweza kwenda kesho yake angalau nikae na mama. Lakini upepo ulichafuka, boti zikazuiwa, ndege zikajaa zaidi kwa sababu hiyo hiyo. Nilikaa Madungu nikisubiri bahari itulie. Mchana nilikwenda kuuliza, nikarudi. Nilipoona matanga yamekwisha bila mimi, nikapanda gari nikarudi Wingwi, kwa kuwa sikuwa na pengine pa kwenda.

Uani nilikuta mikeka imetandikwa. Wanawake wa kisimani walikuwa wamekaa na juzuu mapajani, wanamsomea khitma mtu wasiyemjua hata kwa sura. Mmoja alisogea, akagonga mkeka kwa kiganja. "Kaa hapa wee, mbona wasimama kama mgeni." Nikakaa. Nikalia kilio nilichokuwa nimekizuia Madungu.

Walipoondoka ndipo nilipomwona mkwe wangu amefungwa kitambaa nkononi, kama anavyosema mwenyewe. Alikuwa amemkama ng'ombe siku zote zile, kwa kumfunga miguu na kumtukana. Alipigwa, akaanguka, akarudi tena.

"Muuze," aliniambia.

"Nani?"

"Huyo ng'ombe. Muuze, uchukue ntoto, uende kwa mamako. Mie ntakaa na dada yangu Kiuyu. Mwanangu ndiye aliyelitaka shamba, na shamba analilima kwa simu."

Nilikuwa nimelisubiri neno hilo muda mrefu. Na sasa limetoka kinywani mwa mtu ambaye ningemwacha. Nilimwangalia, kile kitambaa, lile goti. Nilikwenda kumhamisha ng'ombe kamba.

Jioni mume wangu alipopiga nilimwambia jambo moja tu. "Mama yako amepigwa teke na ng'ombe wako. Mimi naenda kukaa na mama yangu, yuko edani. Njoo ukame." Nikakata.

Alikuja. Boti ziliporejea, alishuka na mkoba mdogo, amenenepa kidogo, viatu vya mjini. Tulipeana mkono mbele ya mama yake kama watu wa ofisi. Usoni nilimwona ana aibu, na nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, si kwa aibu. "Ningekuja mapema," alisema tulipobaki wawili, "lakini ningekuja na nini? Kila mtu hapa anajua nilisema nini kuhusu tungule." Kumbe naye alikuwa amefungwa, upande wa pili wa maji. Hilo lilinipunguzia hasira. Uchovu ulibaki vile vile.

Nikaenda Mbagala, mtoto nikamwacha na baba yake kwa ajili ya shule. Mama yangu alikuwa ndani, haruhusiwi kutoka mpaka eda iishe, amevaa nyeupe, amekuwa mdogo. Nilimpikia, nilimsuka, nililala naye kitanda kimoja, upande wa baba. Siku moja nilipita Temeke. Dukani kulikuwa na msichana mwingine nyuma ya meza, mwepesi, anazijua dawa zote, aliniuliza, "Nikusaidie nini, mama?" Nikanunua panadol nisizozihitaji, nikatoka.

Mume wangu alikuwa akipiga simu kila alfajiri. Ng'ombe anashikilia maziwa, hayateremshi. Nifanyeje? Nikamwelekeza: mkande kiwele kwa maji ya vuguvugu, mwache ndama anyonye kwanza kidogo, usimkaribie na hilo koti lako la mjini. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya nyumba ya baba yangu, honi zinapigwa barabarani, nikieleza mambo ya kiwele. Mama yangu alinisikiliza kutoka dirishani. Nilipomaliza akaniuliza, kwa upole kabisa, "Unarudi lini kwenu?"

Hakukusudia kuniumiza. Nilijishughulisha na kufunga mtandio, nikamwambia eda ikiisha.

Nikarudi. Mume wangu hajarudi Dar kufanya kazi ya muda mrefu tangu hapo. Huenda akiitwa, akimaliza anakuja. Kisima tumekichimba, kina maji ya chumvi kidogo, yanafaa kwa mhogo na mifugo; ya kunywa bado tunachota kisima cha chini. Tungule tumeacha. Amejifunza kukama, ingawa bado anapigwa. Naweza kwenda Mbagala nikitaka, na nimekwenda mara kadhaa, lakini kila safari nachagua siku kwa kutazama utabiri wa upepo, na nikikaa kule, usingizi unanikatika saa ile ile ya kukama, nabaki nimelala macho, nikisikiliza mji unavyoamka.

Sijamsamehe mtu, kwa sababu sijampata wa kumsamehe. Juzi kisimani nilichelewa, wanawake walikuwa wengi, na mmoja wao alinipiga kumbo akasema ana haraka, nisubiri zamu yangu. Nikasubiri.