Shikamoo ya Okidi

Mume wangu alikuwa fundi cherehani, na mtu akimwona barazani kwa Mhindi pale Shinyanga mjini, miwani puani na pini mdomoni, angedhani ana akili timamu. Mimi niliyempikia nilijua habari nyingine. Alikuwa na wazimu wa maua, tena si maua ya maana. Ua la boga ukilichuma unapata mboga. Yake yalikuwa yale yanayoota juu ya miti porini, hayataki shamba wala udongo, yamekaa tu begani mwa mti kama mgeni asiyejua kuaga. Wazungu wa mgodi wa almasi waliyaita okidi, nasi tukayaita hivyo hivyo kwa kuwa kwetu hakuna aliyewahi kuona haja ya kuyapa jina.

Aliyemwambukiza wazimu huo alikuwa dresa wa hospitali, mfunga vidonda. Huyu alikwenda siku moja kumfunga mguu mzungu wa mgodini, akakuta barazani okidi zimening'inizwa, akarudi hajielewi. Mzungu alimwambia kwamba kwao maua hutoka baridi ikiisha. Baridi yetu sisi ni ile ya asubuhi za Juni, ukiipiga kwa kikombe cha uji inakimbia. Huku okidi husubiri jua likaushe kila kitu, kisha mvua za kwanza zinyeshe, ndipo itoe maua ya njano yenye madoa ya kahawia kama ngozi ya chui. Mazuri yalikuwa mazuri, sikatai.

Dresa alikuwa Mzigua, na Wazigua ni watani wetu Wasukuma tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Mtani haombi ruhusa. Aliingia jikoni kwangu, akafunua chungu, akasema ugali wangu unaweza kujengea nyumba, kisha akala mpaka chungu kikalia. Nami nilimwambia usoni kwamba Wazigua waliwauza ndugu zao kwa shanga, na kwamba yeye hakupata hata mnunuzi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Hata kwenye msiba mtani ana kazi yake: wenzake wakilia, yeye anachekesha, na hafukuzwi.

Miaka ile serikali ilikuwa inafyeka mapori kuwafukuza mbung'o. Kila kijiji kilitoa watu wa kukata miti, na nyuma ya hao watu, kama tai nyuma ya simba, walifuata mume wangu na mtani wake wakichungulia magogo yaliyolala. Walirudi jioni na magunia ya okidi, wamechanika mashati. Watu wakaamini ni waganga. Mama mmoja alileta suruali ya mumewe ishonwe, akainama akanong'ona kwamba angependa na ile dawa ya kumrudisha nyumbani mapema. Mume wangu aliona haya, dresa akamwambia yule mama amwekee chumvi zaidi kwenye mboga. Nasikia ilifanya kazi.

Kama wangeishia hapo ningewavumilia. Lakini wanaume wawili hawawezi kupenda kitu kimoja bila kushindana. Wakawekeana sharti: mvua za kwanza zikinyesha, ambaye okidi yake itachanua kwanza ndiye mkubwa, na mwenzake atamwamkia shikamoo popote watakapokutana, mpaka mvua za mwaka unaofuata. Dresa alilipendekeza yeye. Mume wangu alikubali haraka, kwa sababu alikuwa amemzidi dresa umri kwa mbali, akaona hana cha kupoteza.

Akapoteza mwaka wa kwanza. Akapoteza wa pili. Basi ikawa dresa akipita pale barazani, mkabala na soko, mume wangu, mwenye mvi, lazima ainuke kwenye cherehani mbele ya wateja na kusema, "Shikamoo." Na yule mshenzi hakujibu upesi. Alisimama, akakohoa, akaweka mkono kifuani kama padri, kisha akajibu kwa Kisukuma chake kibovu, "Marahabaaa, ng'wanawane." Ng'wanawane ni mwanangu. Soko lote lilicheka. Mimi pia nilicheka, nikiwa nimeinamia nyanya nisionekane.

Mume wangu alikuwa hacheki. Usiku alisema, "Mama Watoto, siku moja tu. Nataka aniamkie siku moja tu, kisha nife." Mchana nilimsikia akijifunza kujibu, huku miguu ikikanyaga cherehani: marahaba, marahabaa, marahabaaa. Alikuwa ameshachagua mkia atakaouweka.

Kwa nini yake haikuchanua? Kwa sababu alikuwa Msukuma. Kwetu kitu cha thamani huwekewa samadi. Alipata okidi kubwa kuliko zote, mabua yake manene kama ya mtama, akachimba shimo uani, akaagiza samadi ya mkokoteni mzima kutoka zizini kwa kaka yake, akaifukia mle mpaka shingoni. Kisha akaimwagia maji, maji niliyoyatoa kisimani kwa kichwa changu. Dresa yeye aliifunga yake juu ya mti nje ya nyumba kwa bandeji za hospitali, ikaonekana kama mgonjwa aliyevunjika nyonga, na kila mwaka ilichanua. Nikamwambia mume wangu, "Baba Watoto, fanya kama mwenzako." Akaniuliza kama ninataka ajifunze kulima kwa Mzigua.

Mwaka wa tatu ile okidi ikaanza kunuka. Mizizi ilikuwa inaoza, nzi walihamia kwangu na jamaa zao wote. Asubuhi moja niliteleza kwenye ile samadi na mtungi kichwani, mtungi ukavunjika, maji yakanimwagikia, nikasema basi. Niliing'oa kwa mikono miwili, nikaizungusha, nikairusha kwa nguvu zangu zote nyuma ya choo. Ikanasa juu kwenye panda ya mgunga mkavu. Mume wangu aliporudi alipiga kelele mpaka majirani wakatoka na viti. Lakini mgunga una miiba kama sindano zake za kazini, na kuupanda hakuweza. Okidi ikabaki kule juu, hakuna aliyeimwagia maji, hakuna aliyeipa samadi.

Wakati huo dresa akahamishwa kwenda Geita, kwenye watu wa dhahabu. Nilidhani tumepona. Kumbe mvua za kwanza zilipoanza, akaja dereva wa lori barazani kwa Mhindi, akasimama mbele ya mume wangu kama tarishi wa mfalme. "Dresa wa Geita anasema yake imechanua. Anasubiri." Mume wangu akatazama kulia, akatazama kushoto, akamwambia dereva, "Mwambie shikamoo." Safari iliyofuata dereva akaleta marahaba, na ule mkia wake hakuusahau.

Mwaka mwingine ukaja, jua likakausha hata subira. Nilikuwa naelekea chooni nikainua macho, nikaona kule juu ya mgunga okidi imenenepa, imetoa ubua mpya uliojaa vifundo vya maua. Nikamwita. Alikuja mbio akiwa na futi ya kupimia shingoni. Alisimama pale, mdomo wazi, akanitazama, hakusema ahsante. Sikuitegemea.

Siku chache baadaye dereva wa lori alikuja, safari hii bila kujitutumua. Alisema dresa ni mgonjwa, tumbo limemkamata, na sasa amelazwa yeye wodini anakofungia wengine vidonda.

Nikaanza kufunga mizigo. Mume wangu akasema, "Subiri kidogo."

"Nisubiri nini?"

"Maua hayajafunguka."

"Mtu anaumwa."

"Ndiyo maana," akasema. "Niende mikono mitupu nikamwamkie shikamoo tena, amelala kitandani, wodi nzima inasikia? Nataka nimpelekee yamefunguka. Atacheka, atapona. Namjua."

Nilimwambia anayemjua ni Mungu, na kwamba maua yatakuja mwaka mwingine lakini tumbo halingoji. Tuligombana vibaya, nami nilimtukana matusi ambayo hata mtani angeyaogopa. Hakuondoka. Kila asubuhi alisimama nyuma ya choo, shingo juu, akiibembeleza okidi ifanye haraka. Sijawahi kumchukia mtu kama nilivyomchukia wiki ile, na huyo ni mtu niliyempenda.

Mvua ikanyesha usiku, asubuhi maua yakafunguka. Hapo sasa akawa na haraka. Aliukwea mgunga, akakata panda nzima kwa shoka, miiba ikamchana mikono yote, akaibeba begani na okidi yake juu. Tukapanda treni hadi Mwanza. Mkagua tiketi aliuliza kama mti nao umekata tiketi. Tukavuka ziwa, tukapanda lori, mume wangu akiwa amekumbatia lile tawi kama bibi harusi, na abiria wakiuliza maswali ya kijinga ambayo siku nyingine ningewajibu.

Nyumbani kwa dresa tuliwakuta watu wamekaa chini, nje. Hakuna aliyehitaji kutuambia. Alikuwa amefariki jana yake. Okidi yake ilikuwa mlangoni, imefungwa bandeji kwenye nguzo, na maua yake bado yalikuwa yamefumba. Mume wangu aliitazama sana. Alikuwa ameshinda.

Mazishi yalikuwa mchana ule. Dresa alikuwa mtu wa misheni, kwa hiyo wanawake nasi tulikwenda makaburini. Jeneza likawekwa pembeni, kamba zikaandaliwa, na mume wangu akavua viatu, akarukia kaburini, akalala chali.

Watu wakacheka kidogo, ndio utani wenyewe. Mtani huingia kaburini akakataa kutoka, wafiwa wakamtupia senti, akatoka. Ndugu wa marehemu wakatupa senti. Akazirusha nje.

"Sitoki," akasema. "Aniamkie kwanza. Ameniamkisha miaka yote hii. Leo ni zamu yake."

Wakacheka tena, wakatupa nyingine. Nazo akazirusha. Katekista akakohoa. Mimi nilikuwa nimeacha kucheka, kwa sababu najua sauti ya mume wangu anapotania, huwa nyembamba, na ile haikuwa nyembamba. "Sitoki," alisema mle chini. "Mwambieni aniamkie." Nilitaka kumwambia atoke asitutie aibu, nikashindwa. Nilimwonea huruma.

Mjane wa dresa alijitoa kwa wanawake waliomshika. Akaja ukingoni, akachungulia.

"Mtani," akasema. "Shikamoo."

Mume wangu akakaa, udongo nywele zote. Miaka yote ile alikuwa akiifanyia mazoezi, na mkia wake tayari. Akajibu kwa sauti ndogo ya mtoto aliyeitwa na mwalimu, "Marahaba, mama." Wakampa mikono, akatoka.

Yule mjane alikuwa anarudi kwao Uzigua, akatuachia okidi ya marehemu, na bandeji zake. Tulipofika nyumbani mume wangu aliirudisha yake juu ya ule mgunga nyuma ya choo, safari hii kwa ngazi, akaipandisha na ya dresa karibu nayo. Hakuiwekea samadi. Mwaka mzima alishona kimya, na mimi nilikuwa naweka chumvi nyingi kwenye mboga ili angalau alalamike.

Mvua za kwanza zikaja. Asubuhi na mapema nilikuwa nimejikalia chooni, nikasikia hatua zake zinakuja, zikasimama upande wa pili wa ukuta. Nilikuwa nimeshaona nilipokuwa naingia: ile ya dresa ilikuwa imechanua, ile yetu bado.

Kisha nikamsikia akisafisha koo.

"Shikamoo," akasema.

Hakuondoka. Alikuwa anasubiri, mjinga yule, na mimi humo ndani machozi yakaanza kunitoka. Nikavuta pumzi, na hewa ya mle si ya kuvuta hivi hivi, nikaongeza uzito wa sauti, nikajibu: "Marahabaaa, ng'wanawane."

Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka nikasikia ameshika ukuta wa choo, na ukuta wenyewe ulikuwa wa fito.