Bibi Aliyefuturu Kabla ya Magharibi

Moshi wa korosho zinazokaangwa haukuachi. Unaingia kwenye nywele, kwenye kanga, hadi ndani ya madaftari, na mwaka nilipokuwa darasa la saba kule Zinga nilinuka korosho hata nikitoka kuoga. Shangazi alizikaanga uani juu ya bati, na jirani yetu Bi Tatu alikaa kando akizibangua na kutudanganya. Yeye Mnyamwezi, sisi Wazaramo, kwa hiyo alikuwa mtani wetu, na mtani ana ruhusa ya kusema lolote, hata msibani. Babu alipofariki alinijia amekunja uso: "Mjukuu wangu, kaburi la babu yako limeazimwa. Kuna mtu anazikwa humo leo, babu yako mpaka kesho." Nikatoka mbio nalia hadi kwa wanaume, nikamshika baba kanzu asikubali. Msiba mzima ulicheka. Bi Tatu akanifuta machozi kwa kanga yake. "Asiyejua maana haambiwi maana," akasema. "Kaburi linaazimwa, wewe? Na kurudishwa linarudishwaje?"

Toka siku hiyo nikawa mtoto wa shaka. Mtu akisema jambo, kabla sijaitikia najiuliza: nani kafanya nini, kipi kimetangulia, na je, linaingia akilini? Ukaja mtihani wa majaribio wa Kiswahili, na ile sehemu ya kusahihisha sentensi ambayo wenzangu waliiogopa kama sindano, mimi niliisoma kama namsikiliza Bi Tatu. "Ijapokuwa mvua haikunyesha, mpunga ulikauka." Ala! Mvua isiponyesha, mpunga ufanye nini kama si kukauka? Nikaweka "kwa kuwa", nikasonga mbele. Sehemu ile niliipata yote.

Heri ningekosa mawili matatu. Mwalimu Shomari, aliyetufundisha Kiswahili, alinijua kuwa mtoto wa alama za katikati, si wa kupata yote, akaamini nimeyaona majibu kabla. Darasani ikaanza minong'ono, lisemwalo lipo, na shoga yangu wa dawati moja akahamia nyuma. Mwalimu akamwita baba kwa barua, akasema jina langu litaondolewa kwenye kambi ya masomo ya kutuandaa kwa mtihani wa mwisho. Nilijua bila kambi ile sifaulu, na nisipofaulu ni kubangua korosho mpaka uzeeni. Njiani kwenda shule baba akaniuliza bila kunitazama, "Mwanangu, kweli hukuiba?" Nilimchukia mwalimu, lakini swali lile la baba ndilo lililoniliza.

Ofisini niliamkia, mwalimu akaitikia "marahaba" ya mdomoni tu. "Sahihisha hii," akasema. "Baada ya kufuturu, Bibi alisubiri jua lizame."

"Hapo Bibi kala mchana, mwalimu. Kwanza jua lizame, ndipo afuturu."

Baba akakohoa kuficha kicheko. Mwalimu hakucheka. "Na hii: Mama alichelewa sokoni, kwa hiyo alikosa samaki wabichi." Nikaigeuza huku na huku, jasho linanitoka. Kuchelewa kumetangulia, kukosa kumefuata. Nilimtazama usoni nikaona amekunja uso vilevile kama Bi Tatu siku ya msiba. "Hii haina kosa," nikasema. "Unanitega." Akamgeukia baba, akamwambia, "Mlete kambini Jumatatu."

Siku hizi naishi Bunju, na korosho nanunua za pakiti zisizo na harufu. Zamani tulishuku aliyeiba karatasi. Sasa simu inamwandikia mtoto insha nzima, imenyooka, haina doa, wala hujui imetoka kichwani mwa nani. Wiki iliyopita binti yangu, naye yuko darasa la saba, aliniletea karatasi ya Kiswahili, sentensi zote amepata. Badala ya hongera, mdomo wangu ukatoa, "Nani kakupa majibu?" Akaniangalia, macho yamemjaa. "Basi nipe sentensi wewe mwenyewe nisahihishe, mama." Nikatafuta sentensi, na iliyonijia ni moja tu. Nikaitamka polepole: "Mama alimjua vizuri mwanawe, kwa hiyo alimshuku."

Hakufikiri hata kidogo. "Hiyo haiingii akilini, mama," akasema.