Kufuli yangu ilivyobaki kwenye swichi siku ya kuwasha kiwanda Tororo

Wakuu, poleni na mihangaiko. Miaka yote humu nimekuwa msomaji wa kimya, leo nimeona niandike. Hii si chai. Yamenikuta mwenyewe, na mkono huu unaoandika ndio ushahidi.

Mimi naitwa Wandera, fundi mitambo, naishi Busia upande wa Kenya. Mwaka juzi nilipata kazi kwenye kiwanda kipya cha unga nje kidogo ya Tororo, Uganda. Ujenzi umekwisha, tuko kwenye commissioning, yaani kujaribu mtambo mmoja mmoja kabla ya kiwanda kuanza kazi.

Kwa wasiojua, hapo ndipo watu huumia. Mashine uliyoizoea imelala, leo ina umeme.

Sheria ni hii: anayeingia ndani ya mashine anafunga swichi yake kwa kufuli yake mwenyewe, na ufunguo anakaa nao. Kufuli ikiwepo, haiwaki.

Sasa sisi wa mpakani tuna ugonjwa wetu. Kazi ikiisha, akili iko border. Mtu anavuka, anafika nyumbani ndio anakumbuka kufuli imebaki Tororo na ufunguo uko mfukoni. Ilitokea mara nyingi hadi mkasi wa kukatia kufuli hizo ukawa unaning'inia pale kwenye paneli ya swichi kama mwiko jikoni.

Mkuu wa commissioning alikuwa dada wa hapohapo Tororo, tumwite Injinia Athieno. Sauti ya upole, kichwa kigumu kama ule mwamba mkubwa wa mji wao. Kwenye ratiba ya startup, yaani ya siku ya kuwasha, aliweka saa nzima ya kumtafuta mwenye kila kufuli. Tulimcheka sana. Site manager alitaka kuifuta, akisema huko ni kupoteza muda. Dada akakataa.

Siku ya kuwasha ikafika. Mwenye kiwanda yupo, wageni wako kwenye hema, mbuzi ameshachomwa.

Asubuhi nilimwambia mwenzangu Ouma kwamba nikimaliza nitaondoka mapema nipitie hospitali ya Masafu, mama mkwe amelazwa. Kisha nikafunga kufuli, nikaingia kwenye konveya ya chini, ile yenye parafujo kubwa inayosukuma mahindi. Wajenzi walikuwa wamesahau kipande cha mbao humo. Simu niliiacha kwenye boksi la vifaa.

Mbao ikagoma kutoka, nikakawia.

Huko juu kufuli zote zimefunguliwa, imebaki yangu. Ouma, kwa roho safi kabisa, akasema nimeshaenda Masafu. Wananipigia, simu haipokelewi. Manager akaagiza kufuli ikatwe, wageni wanangoja.

Nilisimuliwa baadaye kwamba Athieno aliuchukua ule mkasi, akauweka chini mbele ya paneli, akaufunika kwa ndoo na kuikalia.

"Kufuli ya mtu mimi sikati," akasema. "Huyu Wandera, nani amemwona akitoka kwa macho yake?"

Kisha akamwomba Ouma namba ya mke wangu.

Akampigia, naye alikuwa Masafu akimuuguza mama yake. Mke akasema sijafika. Hapo akatuma watu wagonge kila mashine wakiniita.

Mimi huko chini nasikia ngo ngo ngo, nikajibu kwa spana. Nilidhani wananiita nikale nyama.

Natoka nimejaa vumbi, namkuta Ouma analia, mtu mzima na ndevu zake. Sikuelewa mpaka nilipoiangalia ile paneli: kufuli zote zimetoka, imebaki yangu tu. Nikakaa chini.

Athieno hakunigombeza. Aliinuka kwenye ndoo yake, akaniambia, "Fungua mwenyewe, ndugu yangu. Pole pole."

Ufunguo ukakataa kuingia mara mbili. Akangoja.

Konveya ilipowashwa nilisimama nikaiangalia. Mahindi yalipita palepale nilipokuwa nimelala kifudifudi.

Wakuu, mnaopanga startup, wekeni muda wa kungoja kwenye ratiba na msikubali mtu aufute. Na wenzangu wa mpakani, msiseme fulani ameshavuka kama hamkumwona akienda.

Mama mkwe alipona. Kila mwaka mpya namtumia Athieno salamu, na bado naona hazitoshi.

Nawe kama kuna mtu aliwahi kukungoja wakati wengine wamechoka, mtaje hapa chini tumshukuru pamoja.

Siku hizi niko mradi mwingine, ratiba ya kuwasha naandika mimi. Ile saa nzima imo. Mafundi wananicheka, nami nawaacha wacheke.